Kabla Hujatuma Pesa ya PSP, Uliza Nani Bado Anaitengenezea Gemu

Swali ambalo linajaza inboksi yangu kuliko yote si la Arsenal, na si la jinsi ya kupata wafuasi. Ni hili: "Brathe, niko na elfu nane. Ninunue PSP ama Vita ya mtumba, ama nivumilie nifikishe ya Switch?" Linatoka Awendo, linatoka Rongo, linatoka Mbita na Oyugis. Juzi limetoka kwa msee wa Ndhiwa ambaye hiyo elfu nane ameipata kwa kukata miwa, na anataka kuituma kwa muuzaji wa Nairobi ambaye hajawahi kumwona, ndio mashine iletwe na basi la usiku. Elfu nane ya miwa, wasee. Hiyo si pesa ya kujaribu bahati.

Wengi wanaouliza wanataka niwaambie ipi ina skrini safi, ipi inakaa na charji, ipi ina nguvu. Hayo tutafika. Lakini swali la kwanza ni: nani bado anaitengenezea gemu? Halafu kuna lingine ambalo huku kwetu karibu hakuna mtu huuliza: hao wanaotengeneza, wewe wanakuhesabu?

Msimamo wangu nauweka hapa juu ndio usiutafute chini. Mashine ya mkononi haifi siku kampuni inaacha kuiuza. Inaanza kufa mapema zaidi, siku studio za nje zinafunga virago. Na hizo studio hazihamii kwenye mashine yenye nguvu, zinahamia kwa wateja wanaolipa. Sisi wa Migori na Homa Bay tumecheza kila kitu kwa miaka mingi bila kuonekana kwenye hesabu ya mtu yeyote, na gharama ya kutoonekana inawaangukia zaidi vijana wetu wanaotaka kutengeneza gemu wenyewe.

Nikisema studio za nje, namaanisha hivi. Sony anaunda PSP. Nintendo anaunda DS. Lakini gemu nyingi unazozijua si zao. FIFA ilikuwa ya EA. PES ni ya Konami. GTA ni ya Rockstar. Monster Hunter ni ya Capcom. Hao wote ni wapangaji kwenye nyumba ya mtu. (Na kabla mzee wangu wa Awendo hajaniuliza, Sony ninayosema hapa si ile ya sukari. Yetu ni South Nyanza, hiyo ingine ni ya Japani. Kuna binamu yangu alifika darasa la tano akiamini ni kampuni moja, miwa inaingia upande huu na PlayStation inatokea upande ule.)

Fikiria stendi ya matatu pale Migori. Mwenye stendi anaweza kupiga lami, kuweka taa, kupaka kila kitu rangi. Abiria wakipungua, matatu hazigomi na hazitangazi kitu. Asubuhi moja unakuja unapata zimeenda kupakia kwingine. Stendi bado iko, imebaki na manamba wawili na muuza mahindi. Mashine isiyo na studio za nje ni hivyo.

Sasa historia kidogo, maana watu wanaongea sana bila tarehe.

Mwaka 2004 Nintendo alitoa DS mwezi wa Novemba, Sony akatoa PSP Desemba. Ukiziweka mezani, PSP ilikuwa inaaibisha ile ingine. Skrini pana, picha karibu na PlayStation 2, unaona filamu, unasikiza muziki. DS ilikuwa na skrini mbili ndogo na kalamu, kama kitu ya mtoto wa nasari. Rockstar wakaipa PSP GTA yake mwaka 2005. Kama nguvu ndiyo inaamua, mechi ingeisha hapo.

Mwisho wake DS iliuza zaidi ya milioni 154. PSP iliuza kama milioni 80. Milioni 80 si mchezo, lakini angalia nusu ya pili ya hiyo hadithi. Desemba 2006, Square Enix walitangaza kwamba Dragon Quest IX itatoka kwa DS. Ukiwa huku huenda hiyo jina haikugusi. Kule Japani ni kama useme mechi ya Gor na AFC imehamishwa. Ile ya nane ilikuwa kwa PlayStation 2, mashine kubwa ya sebuleni, na sasa ya tisa inaenda kwa kale kamashine ka kalamu. Kwa nini? Kwa sababu DS ndiyo ilikuwa mfukoni mwa watu, na kuitengenezea gemu kulikuwa na gharama ndogo kuliko kutengeneza picha za kiwango cha PSP. Ukitumia pesa kidogo na wanunuzi ni wengi, huhitaji mtu akupigie hesabu.

Kuna wale hunijibu ati PSP iliuawa na wizi, kila mtu aliifungua akajaza gemu za bure. Ni kweli iliumiza, na studio za Marekani na Ulaya zililalamika sana. Lakini DS nayo iliibiwa vibaya. Ile kadi ya R4 iliuzwa kila mahali, unaweka gemu hamsini ndani ya kitu sawa na stempu. Kwa hivyo wizi peke yake haufafanui. Ninavyoona mimi, tofauti ni kwamba Nintendo ana chakula chake nyumbani. Mario, Pokémon, Zelda ni zake, na zinauza mashine hata wapangaji wakinuna. Sony alitegemea zaidi wapangaji. Wakitoka, sufuria inabaki na maji.

Na mpangaji mmoja ndiye alishikilia PSP kule Japani: Capcom, na Monster Hunter. Wanafunzi walikuwa wanakaa vikundi vikundi, kila mmoja na PSP yake, wanawinda pamoja. Portable 3rd ilitoka Desemba 2010 na ikauza mamilioni. Sony wakaingia kutengeneza Vita wakijua wako na huyo mteja.

Nintendo 3DS ilipotoka 2011 ilianza vibaya sana. Bei ilikuwa dola 249.99, watu wakaikataa, na Agosti mwaka huo huo ikashushwa mpaka dola 169.99. Ungesema imeisha. Halafu Capcom wakaiweka Monster Hunter mpya kwa 3DS. Ilitoka Japani tarehe 10 Desemba 2011, Jumamosi. Vita ilitoka tarehe 17 Desemba 2011, Jumamosi iliyofuata. Wiki moja! Unafungua hoteli yako mpya, na wiki moja kabla, mpishi wako anaonekana akikaanga samaki kwa jirani.

Vita ilikuwa mashine nzuri. Nimeishika, nimeipenda, vidole vyangu vinaikumbuka. Lakini Sony waliibebesha kadi za memori za kwao wenyewe, ya GB 32 ikiuzwa Marekani karibu dola 100 wakati kadi ya kawaida ilikuwa bei ya chini sana. Studio kubwa zikaangalia mauzo, zikaangalia gharama, zikaanza kutoka moja moja. Studio ndogo ndizo zilibaki kuipa heshima kwa miaka michache. Mwaka 2019 wakaacha kuiunda.

Hayo yote unaweza kusema ni vita vya Wajapani. Sawa. Ngoja nilete kwa mpira, maana hapo ndipo huku kwetu pesa iko. Ingia kibanda chochote cha PS, kutoka Migori mjini mpaka Homa Bay karibu na ziwa, tisa kati ya kumi wanacheza mpira, kumi bob kwa mechi, aliyeshindwa anaachia pedi.

Mpira uliondoka kwenye mashine za mkononi kwa njia ya kichinichini. FIFA 14 kwa PSP ilikuwa gemu ya zamani iliyobadilishwa jezi na majina. Kwa Vita, FIFA 14 na FIFA 15 zilikuwa mtindo huo huo, halafu EA wakanyamaza. Konami ndio walinishangaza zaidi: walitoa PES 2014 kwa PSP, mashine kuu kuu, na Vita hawakuwahi kuipa PES hata moja. Switch ikaja 2017, ikauza kupita milioni 150, na bado FIFA 20, 21, 22 na 23 zake zote zilikuwa toleo la jezi mpya kwa mwili wa zamani. EA hawakuleta injini ya kisasa kwa Switch mpaka EA Sports FC 24, Septemba 2023. Miaka sita baada ya mashine kutoka.

Kwa hivyo hata mashine ikiwa na watu wengi, studio inaweza kuamua kuwa watu wa hiyo mashine si watu wa mpira, na ikakupa makapi. Idadi haitoshi. Wanaangalia ni nani analipia kitu gani.

Sasa hapa ndipo story yetu inaingia, na ndiyo sehemu ninaipenda.

Ukienda Homa Bay leo ukamwambia kijana wa form three ati PSP ilikufa 2014, atakucheka. Ana PES ndani ya simu yake, yenye wachezaji waliosajiliwa msimu huu. Kinachofanyika ni kwamba Novemba 2012 mtu mmoja wa Sweden, Henrik Rydgård, alitoa PPSSPP, programu ya bure inayoigiza PSP ndani ya simu ama kompyuta. Simu ya Android ya bei ya chini inaibeba bila kulia. Halafu vijana wa Indonesia, Brazil, Nigeria na huku kwetu wakachukua ile PES ya Konami ya zamani, wakaifungua, na kila msimu wanabandika jezi mpya, nyuso mpya, nyimbo mpya, hata sauti za watangazaji. Faili moja linapita kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth na kadi ya memori mpaka linafika Sindo, mahali bando yenyewe ni ya kubahatisha.

Ninamjua mmoja wao, kijana wa Homa Bay. Jina nitaacha, maana anachofanya kisheria si chake kukifanya. Ana laptopu ambayo kibodi yake imekufa upande mmoja, anatumia ingine ya nje. Ameweka Gor Mahia, Shabana na Migori Youth ndani ya PES ya PSP. Jezi amezichora mwenyewe. Nyasi za uwanja amezipunguza rangi kwa makusudi, maana anasema uwanja wetu ukiwa kijani hivyo hakuna mtu ataamini. Hiyo kazi inataka ujue muundo wa faili, picha zinavyobanwa, majina yanavyopangwa, na uvumilivu wa mvuvi. Hakuna mtu alimfundisha. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na kwa yale niliyoona darasani sina hakika wangemfundisha.

Huyo ni studio ya nje. Konami waliondoka, EA wakaondoka, na mtu wa mwisho anayeitengenezea PSP mpira ni kijana wa Homa Bay na wenzake wa Surabaya na Lagos. Kila msimu, bila kukosa. Konami wenyewe hawakuwahi kutujali hivyo.

Lakini wacha niseme upande wa pili, maana kuna wenzangu wa video ambao wanapiga kelele ati "PSP bado iko fiti 2025" ndio wapate watazamaji, na hawaendelei mpaka mwisho wa sentensi. Hiyo PES ni mwili wa zaidi ya miaka kumi. Makipa wanafanya yale makosa yale yale. Nusu ya linki unazopewa zinakupeleka kwa matangazo ya kamari, na zingine zina virusi. Na kijana wangu wa Homa Bay, faili lake limesambaa mpaka nikaliona kwa simu ya konda wa Isebania, na tangu aanze amepata shilingi sifuri. Sifuri, na hakuna pa kudai, kwa sababu nyumba aliyoipaka rangi si yake. Konami wakiamka vibaya wanaweza kumfutia kila kitu na watakuwa na haki.

Hii si mara ya kwanza Mkenya kujenga kwenye ploti ya mtu na ploti ikafungwa.

Kwa wale wadogo: kabla ya Android, mashine ya mkononi ya huku ilikuwa Nokia. Nokia hata walijaribu kuwa Nintendo mwaka 2003 na kitu kilichoitwa N-Gage, simu yenye umbo la chapati iliyokunjwa vibaya, ikafeli. Lakini simu zao za kawaida zilishinda bila kujaribu. Gameloft walikuwa wanatupa Real Football na Asphalt kwa simu za Java, kaka yangu mkubwa alikuwa anapakua usiku wakati mtandao umelala.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Wakenya wa Planet Rackus walitoa Ma3Racer. Wewe ni dereva wa matatu, unakwepa watu na magari barabarani. Gemu yetu, ya barabara yetu, kwenye Nokia ambazo kila mtu alikuwa nazo. Kabla ya hapo Wesley Kirinya alikuwa ametengeneza The Adventures of Nyangi kwa kompyuta mwaka 2007, na mwaka 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha studio ambayo leo ni Leti Arts. Andrew Kaggia akaleta Nairobi X mwaka 2015, wageni wa anga za mbali wanavamia Nairobi na wewe na bunduki yako mnaizuia. Tafuta hata moja kati ya hizo ambayo ilitengenezewa PSP, Vita ama 3DS. Hakuna. Kwa hizo mashine huingii bila kibali cha mwenyewe, vifaa maalum vya kutengenezea na mkataba. Google anataka dola 25 mara moja tu, unafungua akaunti, unaweka gemu yako.

Lakini simu nayo ina mwenyewe. Tarehe 11 Februari 2011, bosi wa Nokia, Stephen Elop, alitangaza kwamba wanahamia Windows Phone ya Microsoft. Studio kubwa zilisikia hivyo zikakimbilia Android na iPhone, maana nani atajenga kwenye nyumba ambayo mwenyewe ametangaza ataibomoa? Wakati huo huo Safaricom walikuwa wanauza Huawei Ideos, Android ya karibu dola 80, na watu wakaanza kuhama. Kutoka tarehe 1 Januari 2014 Nokia hawakupokea tena programu mpya wala marekebisho ya Symbian. Ukiwa na gemu yako pale, hata kosa dogo ungeliona na usiweze kulirekebisha. Kampuni kubwa hiyo ni hasara ya robo mwaka. Kwa watu watatu Nairobi wanaolipa kodi ya nyumba, hiyo ni kuanza upya.

Ndiyo maana mtu akiniambia hii mambo ya studio kuhama ni stori za watoto wa mashine za bei, nakataa.

Turudi kwa malipo, kwa sababu hapo ndipo tunapotelea. Duka la PlayStation halina Kenya kwenye orodha ya nchi zake. Kusini mwa Sahara liko Afrika Kusini tu. Duka la Nintendo la mtandaoni nalo halina bei ya shilingi yetu. Kwa hivyo mtu wa Rongo mwenye Switch na pesa halali mkononi inabidi ajifanye anaishi Marekani, anunue kadi ya zawadi kwa mtu wa tatu kwa bei ya kuongezwa, na mauzo yake yanaandikwa Marekani. Ripoti ikifika kwa studio, Rongo haipo. Hata tukinunua, tunanunua tukiwa watu wengine!

Mei 2024 tuliona hii waziwazi. Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wafungue akaunti ya PSN kwa lazima, na gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako PSN haipo. Watu walikuwa wameshalipa na wanacheza. Kelele zilipigwa mpaka Sony wakaacha hiyo lazima, lakini lile jambo lilinionyesha ramani yao. Sisi tuko ile sehemu ya ramani iliyoachwa nyeupe.

Kwa hivyo ukiniuliza kuhusu elfu nane yako, jibu langu ni la mtu mwenye roho ngumu kidogo. PSP ya mtumba usinunue, isipokuwa unaipenda kama mtu anavyopenda redio ya babu yake. Simu ambayo tayari unayo inacheza gemu zake karibu zote. Duka la PSP liliacha kuuza Julai 2021, la 3DS likafungwa Machi 2023, kwa hivyo hata ukitaka kulipa hakuna wa kupokea. La Vita lilinusurika 2021 baada ya wateja kulalamika, lakini usiweke maisha hapo. Ukinunua Vita, uliza kwanza kadi ya memori iko ndani ama haiko, na ni ya GB ngapi, kabla hujauliza kuhusu rangi. Bila kadi umenunua kioo. Switch ya kwanza ni sawa kama unataka Mario na Zelda na una rafiki wa kubadilishana naye kadi za gemu, maana kadi inauzika tena. Kama unaitaka kwa sababu ya mpira, hakikisha ni FC 24 kuendelea. Switch 2 ilitoka Juni 2025 kwa dola 449.99, hiyo ni karibu elfu 58 kabla ya usafiri na ushuru, na mtu akikuuzia kwa elfu 20 Facebook, huyo hauzi Switch. Na usitume pesa kwanza. Kama hawezi kukutana na wewe dukani ama kumpa mtu wako aikague ikiwa inawaka, acha.

Kama una elfu nane na huna simu nzuri, weka kwa simu. Sisemi hivyo kwa sababu simu ni tamu kuliko Switch. Si tamu, vidole vinafunika nusu ya uwanja. Nasema hivyo kwa sababu Google Play inakubali M-Pesa. Ukilipa shilingi 100 kutoka Ndhiwa, mahali fulani kuna karatasi inaandika Kenya. Hiyo ndiyo stendi pekee ambayo abiria wetu anaonekana akipanda.

Na haya ndiyo tumebishana na yule kijana wa Homa Bay tangu Desemba. Yeye anasema watu wa huku hawalipi, watasubiri mtu aivunje waipate bure. Ana sababu ya kusema hivyo, amewaona wakipokea kazi yake miaka mitatu bila hata asante. Mimi nasema hawajawahi kuuzwa kitu kwa bei yao na kwa njia yao. Mtu yule yule anayekataa kulipa dola 60 kwa kadi ambayo hana, anatoa kumi bob mara nane kwa siku pale kwa PS na anaenda nyumbani akiwa amefurahi. Pesa ipo. Inapita kwa mkono wa mwenye kibanda na inaishia hapo, haifiki kwa aliyetengeneza gemu.

Tumekubaliana kitu kimoja. PES ya msimu huu ataitoa, maana watu wanamngoja na hawezi kuwaangusha, lakini wakati huo huo ameanza ya kwake mwenyewe, ya Android, isiyo na jezi ya mtu wala jina la mtu. Ni boda boda, kutoka Migori mpaka Homa Bay kupitia Rongo na Rodi Kopany, una abiria, una kuku, na mvua inakuja. Bei tumeweka shilingi 50, hiyo ni mechi tano kwa PS. Kwa sasa kuna barabara ya kilomita moja, pikipiki mbili na mbuzi. Mbuzi ndiye amechorwa vizuri kuliko vyote, na bado hakwepi.